Goti la Mama Yako

Mwanangu Hana,

Wewe na mama yako mmetoka kwenda kununua mashuka na taa ya kusomea, na mimi nimebaki hapa mezani na muda kidogo kabla ya kuingia zamu. Kesho asubuhi mtakapoondoka hapa Euless kwenda chuoni kwako Houston nitakuwa bado nashusha mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo sitakuwepo kukufungia mlango wa gari. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza huwa mtu mwingine kabisa, mtu wa "yes sir" na "no problem". Najua utasoma polepole. Soma polepole tu.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, mafuta ya gari na kanisa lililo karibu na bweni sitayagusa. Mama yako ameshakwambia, shangazi yako amepiga simu kutoka Morogoro akarudia yote, na wewe umejibu "I know, I know" mpaka umechoka. Nataka kukuandikia jambo ambalo hulijui kuhusu mama yako, na namna nilivyolivuruga mimi. Ameniruhusu. Jana nilimuuliza kama atakusimulia mwenyewe, akasema, "Anza wewe. Mimi nikianza nitaishia katikati."

Unachojua ni kwamba mama yako alicheza mpira wa vinyoya Japani, ule wa mmoja kwa mmoja, na kwamba aliacha kwa sababu ya goti. Watu wote wanaomfahamu wanajua hivyo. Mwanangu, lile goti halikuwahi kuumia.

Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini ambako theluji hufika madirishani. Babu yako, yule uliyemwona mara moja ukiwa mdogo ukaogopa nyusi zake, alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Alikuwa mtu mpole. Mama yako alipoanza kushinda shuleni, babu alinunua kamera ya video, akawa anakaa pembeni ya uwanja kila mechi, anapiga picha. Jioni waliitazama pamoja. Babu alimmenyea mtoto tufaha, akampa kipande kimoja kimoja, huku anaonyesha kioo cha televisheni kwa ncha ya kisu: hapa umechelewa, hapa miguu imelala, hapa ulikuwa unafikiria nini? Hakuwahi kupaza sauti. Mama yako anasema mpaka leo akionja tufaha anasikia makosa yake.

Hakuwa mrefu, na hakuwa na pigo la kutisha. Alichokuwa nacho ni kurudisha. Mpinzani apige kona hii, kinyoya kinarudi. Apige ile, kinarudi. Wenzake walisema kucheza naye ni kama kubishana na mtu asiyekasirika. Kwa kipaji hicho alipelekwa shule ya mbali, akalala bwenini akiwa bado mtoto wa kulilia nyumbani, na alipomaliza akaajiriwa na kampuni iliyokuwa na timu yake. Huko Japani ndivyo wanavyofanya. Asubuhi alikaa ofisini akigonga mihuri kwenye karatasi, mchana akaenda ukumbini, akatoka giza limeingia.

Katika timu hiyo alikuwepo Noriko. Huyu hujawahi kusikia jina lake, na hilo peke yake lingekwambia kitu. Noriko alikuwa mrefu, anacheza kwa mkono wa kushoto, anacheka chakula kikiwa mdomoni. Walipangiwa chumba kimoja. Wakisafiri kwenda mashindano ya nje walifua nguo pamoja kwenye beseni la kuogea la hoteli, wakazianika kwenye viti. Mama yako amefika nchi nyingi, lakini ukimuuliza ziko vipi atakueleza kumbi tu. Ukumbi wa mpira wa vinyoya hauna upepo. Feni huzimwa, milango hufungwa, kwa sababu kinyoya ni chepesi mno, pumzi ndogo ya kiyoyozi inakipeleka kando. Kwa hiyo ujana wake wote aliuishi katika hewa isiyotikisika.

Na alikuwa bora, Hana. Sisemi hivi kwa sababu ni mke wangu. Aliwahi kumtoa mchezaji ambaye siku ile hakuna aliyekuwa juu yake duniani. Kesho yake akafungwa na mtu asiyejulikana, akarudi ofisini kugonga mihuri. Alikuwa karibu na kilele miaka mingi, yeye na Noriko, leo huyu mbele, kesho yule.

Kisha yakaja mashindano ya taifa. Nusu fainali alicheza na binti mdogo, bado mwanafunzi, mwenye nguvu kama umeme. Mechi ilikuwa ndefu mpaka watazamaji wakaacha kupiga makofi, wakawa wanatazama tu. Mama yako akashinda. Akampa yule binti mkono, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akajifunika taulo kichwani, akangoja furaha. Haikuja. Akasema basi nitalia, maana nimechoka. Machozi nayo hayakuja. Alikaa pale mpaka mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu. Hapo ndipo alipojua kwamba amemaliza. Hakuwa mgonjwa, wala hakuna aliyemkosea. Kilichokuwa kinamfanya akimbilie kinyoya kilikuwa kimekwisha, kama mafuta kwenye taa.

Fainali ilikuwa kesho yake, na mpinzani alikuwa Noriko.

Jioni ile alimwambia kocha kwamba hatacheza. Kocha alidhani ni hofu, akamwambia alale. Asubuhi akarudia maneno yale yale. Wakaja wakubwa wa timu, wakakaa naye chumbani, wakauliza watu wataambiwa nini. Unamwambiaje mtu kwamba huna kilichovunjika, umeishiwa hamu tu? Mmoja wao akasema taratibu, "Labda goti." Mama yako akatikisa kichwa kukubali. Goti zima likafungwa bandeji, akasimama mbele ya waandishi wa habari, akainama kuomba radhi. Noriko akapewa ubingwa bila kugusa kinyoya.

Walikutana chumbani wakifunga mizigo. Noriko akauliza, "Goti lipi?"

"La kulia."

Noriko alifunga begi lake na kutoka, na urafiki wao ukaishia mlangoni pale. Babu naye alizima kamera, akaiweka kabatini. Hakuuliza habari za goti hata siku moja.

Baada ya hapo mama yako aliomba kazi ya kujitolea mbali kabisa, na ndivyo alivyofika Morogoro, kwenye chuo cha ualimu nilikokuwa nafundisha michezo. Alitaka kuwafundisha wanafunzi wetu mpira wa vinyoya. Ukumbi hatukuwa nao. Tukafunga wavu nje, kati ya miti miwili ya uwanja wa mpira, akarusha kinyoya cha kwanza mbele ya chuo kizima. Upepo kutoka Uluguru ukakichukua, ukakipeleka juu ya paa la jikoni. Wanafunzi wakanyamaza wakidhani mgeni ameaibika. Yeye akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nimeshika raketi za akiba, na nakuambia ukweli, sikuhitaji zaidi ya kile kicheko.

Kabla hatujaoana alinisimulia habari yote. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Ujue unaoa mwongo wa goti moja." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipaswa kuliona hilo.

Ulipozaliwa akakuita Hana, maana kwa Kijapani ni ua. Bibi yako, mama yangu, akapiga yowe. "Mtoto mnamwita Hana? Hana nini?" Mama yako, bado yuko kitandani, akamjibu, "Hana shida, Mama." Bibi akashindwa la kusema, jina likapita.

Tulipopata green card tukaja huku Marekani. Mwalimu wa michezo akawa mshusha mizigo, na mama yako akapata kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno kule Irving. Sikulalamika. Lakini kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinatafuta pa kutokea, na ulipoinua raketi kwenye ukumbi ule wa Irving, ghala lile la zamani, nikakiona kimepata mlango. Ulikuwa unarudisha kila kitu, kama yeye. Nilianza kuhesabu miaka ya kufika alikofika yeye. Nikanunua kile kifaa cha miguu mitatu cha kusimamishia simu.

Mama yako alikataa kukufundisha. Nilimwomba, nikagombana naye, nikamtafutia kocha wa Kihindi badala yake. Siku moja tumerudi, mimi na wewe tumeinamia simu mezani nakuonyesha ulipochelewa, akapita nyuma yetu akasema, "Baba Hana, toa hiyo simu." Nilidhani ana wivu. Ndiyo, niliwaza hivyo juu yake, na niliendelea.

Kwenye mechi zako alikaa viti vya juu karibu na mlango. Ukishinda, ukishindwa, alikuuliza jambo moja tu: "Umekula?" Ukiwa darasa la tisa uliniambia ndani ya gari, "Mama doesn't even care." Nilijua si kweli. Nilijua alijiapia kwamba mtoto wake hatarudishiwa makosa yake mezani, na kwamba "umekula" ndilo neno pekee alilojiruhusu. Sikukusahihisha, kwa sababu ilinifaa wewe uwe upande wangu.

Sasa tufike Houston, kwenye yale mashindano ya mwezi wa tatu. Mama yako alikuwa kazini Jumamosi ile. Ulikuwa unaongoza. Nilikuwa nakutazama kwenye simu, si kwa macho, na nikaona umesimama. Nilidhani kamba ya kiatu. Ukaenda wavuni, ukazungumza na yule binti, ukampa mkono, ukampa mwamuzi mkono, ukatoka. Nilipokufuata ukaniambia, "I'm done, Baba. Nimemwambia siyo yeye, ni mimi." Ulikuwa mtulivu kuliko mimi.

Tulirudi kimya. Tulipita Huntsville, mvua ikaanza, ikaisha. Tulipokaribia mji wa Corsicana nikafungua mdomo. Nikasema, "Mama yako asingefanya hivi." Ukavaa kofia ya sweta, ukageukia dirishani.

Hana, nilikuwa najua alichofanya mama yako. Nilijua kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Nilichagua yale maneno kwa sababu niliona ndiyo yatakayouma.

Tulipofika nyumbani uliingia chumbani moja kwa moja. Mama yako alikuwa jikoni anakata vitunguu. Nikamweleza kwa hasira, nikingoja aungane nami. Akaweka kisu chini.

"Alimwambia?"

"Alimwambia nani?"

"Yule binti aliyekuwa anacheza naye. Alimwambia kwamba anaacha, au aliondoka tu?"

"Alikwenda wavuni akamwambia si kosa lake."

Mama yako akazima jiko, akavuta kiti, akakaa. Machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya vitunguu. "Mtoto wangu ameweza," akasema. "Ameweza wavuni, mbele ya watu." Nikasimama pale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ungedhani nilijifunza hapo hapo. Bado. Jumatatu kazini Pascal, yule Mrundi ninayepanda naye gari, akaniuliza, "Ehe, mtoto alishinda kule Houston?" Watu wote wa zamu yetu walikuwa wanajua, maana niliwajaza masikio miaka yote: binti yangu hivi, binti yangu vile. Wakageuka kusikiliza. Nikasema, "Ameumia goti." Lilitoka lenyewe. Sikulitafuta.

Jumapili iliyofuata hukuja kanisani, ulisema huna hamu ya maswali. Baada ya misa tulikuwa tunaelekea kwenye gari, mke wa Pascal akaja kwa upole wake, akamshika mama yako mikono miwili. "Pole sana mama, Pascal ameniambia. Goti la mtoto linaendeleaje?"

Mama yako akashukuru, kwa adabu, kama kawaida yake. Tukaingia ndani ya gari. Niliwasha injini. Akanyoosha mkono akaizima.

"Goti?"

Nikashika usukani.

"Umempa mwanangu goti langu?"

Tangu tuoane sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Magari yaliondoka yote, tukabaki peke yetu kwenye uwanja wa kuegesha. Nilimwambia niliona aibu. Akasema, "Aibu ya nani? Yeye hana aibu. Amesema ukweli akarudi nyumbani. Aibu ni yetu, mimi na wewe, tumeileta kutoka mbali na sasa tunataka aivae." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Na mimi bado sijamwambia Noriko."

Kesho yake nilimtafuta Pascal kabla ya zamu kuanza. Nikamwambia goti ni zima, binti yangu aliacha kwa sababu alitaka kuacha. Wenzetu walikuwa wanasikia. Pascal akafikiri, akasema, "Sawa. Wa kwangu aliacha chuo cha ufundi, mimi najibu watu anasoma bado." Tukapakia mizigo. Ndiyo ilikuwa yote. Miaka ya majigambo, na hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Mama yako alichukua muda zaidi. Namba ya Noriko alikuwa nayo siku zote, aliipata zamani kwa mchezaji mwenzao. Jumapili moja jioni, wewe ukiwa kazini kwako pale dukani, kwao ni Jumatatu asubuhi, alikaa kwenye kochi na kupiga. Nilitaka kutoka nje, akanishika shati nisiondoke. Kijapani changu unakijua, cha kuombea chumvi. Lakini nilisikia neno la goti. Alilisema, kisha akangoja. Mkono wake ulikuwa umekunja shati langu. Halafu nikasikia mtu anacheka kwenye simu, kicheko kikubwa, kama cha mtu mwenye chakula mdomoni, na mama yako akaanza kulia na kucheka pamoja, asijue ashike lipi.

Waliongea mpaka simu ikapata moto. Alipokata nikamuuliza amesema nini. Akasema Noriko alikuwa amekasirika kweli, miaka mingi, si kwa sababu ya kuacha. Alitaka kucheza ile fainali, na kama haichezwi, alitaka aambiwe yeye wa kwanza.

Baada ya siku ile mama yako alianza kukaa na wewe jikoni usiku mkipika. Uliniuliza kwa nini Mama amekuwa mwongeaji. Sasa unajua.

Mimi sijakuomba radhi kwa yale maneno ya Corsicana. Nilikufungulia mlango, nikakutengenezea chai, nikakuosha gari, vitu vyote ambavyo wanaume wa kwetu hufanya ili wasiseme. Basi nasema: nisamehe, mwanangu. Niliyoyasema hayakuwa kweli, na nilijua.

Unakwenda kusomea mambo ya maji na mafuriko. Sielewi mtu anavutiwaje na mifereji, lakini nimekuona ukieleza kwa mikono miwili, uso unawaka, na sikutoa simu kukupiga picha. Siku moja huenda ukaacha hayo pia, au ukayashika mpaka uzeeni. Siku hiyo sitakuuliza kwa nini. Nikijisahau nikauliza, nijibu ukweli hata kama ni mfupi. Usinitafutie goti.

Nasikia gari lenu linaingia, na mama yako anacheka kitu ulichosema, kwa hiyo namalizia. Kuna jambo moja sijakuandikia, maana ni lake. Noriko alimwambia kwamba alijua tangu siku ile ile, kabla bandeji haijalowa jasho, kwamba goti ni zima. Alimwona mama yako kwenye ngazi za hoteli waliyofikia. Mkishapita Corsicana, muulize alionekana akifanya nini kwenye ngazi. Mwache asimulie mpaka mwisho, hata kama njiani mtapitiliza mahali pa kula.

Baba yako